Sponji Nyekundu ya Mama Riziki

Nyinyi vijana mnaoosha magari kando ya barabara kuu, nimewaona. Mkimaliza kung'arisha gari mnaichomoa sponji kwenye mashine, mnaiangalia ilivyogeuka nyeusi au buluu, kisha mnaitupa mtaroni. Wengine mnaipigapiga ukutani ili vumbi litoke, halafu mnaitia kwenye ndoo moja na matambara ya kufutia matairi. Nikipita hapo na fimbo yangu huwa nanyamaza, kwa sababu mzee anayesimama kila mahali kukosoa kazi za watu mwisho wake huitwa mchawi. Lakini kwenye karatasi hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo nitasema.

Nimeng'arisha magari hapa Uvira, mtaa wa Kimanga, mpaka vidole vyangu vikaanza kufa ganzi. Mashine ile inatetemeka, na mtetemo ukishazoea kuingia mkononi hautoki tena. Siku hizi hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Nilipoacha kazi sikuililia mashine. Nilichobeba nyumbani ni mfuko wa sponji, na hizo ndizo ninazotaka kuwaeleza. Nitawaeleza pia habari za mke wangu, Nyota, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwoshaji wa sponji hizo na siwezi kuzitaja bila kumtaja.

Nyota yuko ng'ambo, Bujumbura. Alivuka mpaka wakati milio ya bunduki ilipotoka bondeni ikakaribia mji. Binti yetu Riziki alikuwa na mimba kubwa, na kwetu mtoto wa kwanza hazaliwi bila mama mzazi wa mwenye mimba kuwa karibu, hilo halina mjadala. Mimi nikabaki kulinda nyumba, maana nyumba isiyo na mtu humpata mwenyewe mwingine upesi. Tulidhani ni jambo la wiki chache. Mjukuu wangu sasa anatembea, nami sijamwona isipokuwa kwenye kioo cha simu ya jirani.

Hakuna anayekimbia vita akiwa amebeba sponji. Nyota mwenyewe alizitia kwenye mfuko alioushona kwa kipande cha chandarua, akautundika juu ya mlango wa jikoni, kwenye kivuli na upepo. Furushi lilikuwa tayari kichwani, Riziki anamngoja barabarani, naye bado ananipa maagizo.

"Papa Riziki, usiache eponje zikamatwe na vumbi. Ukuwe unazioshaka, hata kama hauko unatumika kazi."

"Minye nitapolisha gari gani sasa?"

"Nilisema uzioshe. Sikusema upolishe."

Akaenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia tukiwa tunaangaliana usoni, na mimi nikageuka kutazama mfuko wa chandarua.

Sasa ngoja niwaeleze jinsi fundi wa sponji alivyopatikana, maana hakuzaliwa fundi. Patroni, yaani bosi wetu, alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Lubala, mtu mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukata tamaa. Uwanja wake ulikuwa upande wa chini wa Kimanga, unaoelekea ziwani. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mashine: usiikandamize, iache ijilalie juu ya bati kwa uzito wake, wewe uiongoze tu. Alijua rangi za magari kuliko nilivyojua majina ya ndugu zangu. Ila kwenye sponji alikuwa kipofu. Kwake sponji iliyobadilika rangi ilikuwa maiti, na maiti haikai nyumbani.

Siku moja ililetwa pikapu nyekundu kutoka Sange, ya mfanyabiashara wa mchele. Ilikuwa gari la zamani, la enzi zile ambapo rangi haikufunikwa na vanishi juu yake. Jua la bondeni lilikuwa limeipausha mpaka ikawa ya waridi. Patroni akanipa sponji mpya, nyeupe, laini, ile ya kumalizia kazi. Niliposhusha mashine baada ya mlango wa kwanza, sponji ilikuwa nyekundu tupu. Nilidhani nimelichuna gari la watu. Patroni akashika kichwa, akaizunguka pikapu akitafuta mahali bati lilipobaki uchi, na hakuona kitu isipokuwa mlango unaong'aa.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba rangi ya aina ile, ukiisugua, ngozi yake ya juu iliyokufa huhamia kwenye sponji, na hiyo ni kawaida. Magari ya leo mengi yana vanishi, kwa hiyo mkiona sponji yenu imegeuka rangi ya gari, simameni kwanza mtafakari kama hamjaimaliza vanishi. Lakini sponji yenyewe patroni alishaihukumu. Akaikamata kwa vidole viwili na kuirusha nje ya ukuta.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na bomba, na kwenye bomba hilo msichana mmoja alikuwa akifulia watu nguo. Sponji ilitua katikati ya beseni lake, juu ya mashati meupe. Hatukusikia kelele. Tulisikia lango likifunguliwa, kisha tukamwona akiingia, mikono imejaa povu, sponji mkononi.

"Nani iko anatupa bintu mu maji yangu?"

Patroni alikuwa na mwili mkubwa lakini alijua kujificha. Akaniangalia mimi. Msichana naye akaniangalia mimi.

"Iko chafu hiyo, tuliitupa," nikasema. "Utusamehe, dada."

"Chafu?" Akaigeuza, akaiangalia huku na huku. "Mulileta maji mukaona, ao munasema tu?"

Akarudi kuchukua beseni lake la kusuuzia, la bati lililopakwa rangi nyeupe, akamwaga maji safi ndani yake, akaitumbukiza sponji na kuibana kati ya viganja. Maji yakawa meupe kama ya unga, yale ni mabaki ya dawa ya kung'arishia. Akamwaga, akajaza tena, akabana tena. Akarudia mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Sponji ilikuwa bado nyekundu.

"Mutazame," akasema. "Uchafu imetoka. Ile yenye imebakia ni rangi tu, imelala mule, haiamuke tena. Kama ingekuwa chafu, mashati ya mwalimu ingekuwa sasa hivi nyekundu na mungenilipia."

Patroni akatoka mafichoni. "Na nikiipitisha ku gari nyeupe?"

"Ipitishe kwanza ku kitambaa kyeupe."

Tukaisugua kwenye kitambaa cheupe, kikavu kisha kibichi. Hakuna kitu. Patroni akacheka kicheko chake cha tumbo, akamwuliza jina lake, akajibiwa Nyota, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshamwomba aje kutuoshea sponji kila tumalizapo gari. Patroni alidhani amepata mfanyakazi. Mimi nilijua nimepata nini, nikarudi kwenye mashine yangu, maana kijana mwenye mikono yenye mafuta haharakishi mambo kama hayo.

Kwa hiyo la kwanza mlishike: doa na uchafu ni vitu viwili. Sponji inaweza kubaki na doa maisha yake yote na ikafanya kazi safi. Usiihukumu kwa macho. Ibane kwenye beseni jeupe, uangalie maji. Maji yakitoka safi, irudishe kazini.

Nyota alikuwa mkali kwa mambo yake. Sabuni ya unga alituambia tuwape wengine, kwa sababu chembe isiyoyeyuka hujificha kwenye matundu ya sponji na siku ya pili inachora mviringo kwenye boneti ya mtu. Alichukua sabuni ya kipande, hii yetu ya mawese, akaiparuza kwa kisu, akaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu na kuichuja kwa kitambaa. Dawa ya kuondolea madoa, ile inayonuka hospitali, hakutaka kuiona. Inaipaka sponji weupe wa kudanganya macho, huku inaila ndani. Maji ya suuza ya mwisho aliyatilia ndimu kidogo ili utelezi wa sabuni uondoke. Maji ya moto sana pia alikataa, na tulielewa sababu siku patroni alipotia sponji kwenye maji yaliyochemka ya chai ili kuokoa muda. Gundi ya nyuma, pale panaponatia kwenye sahani ya mashine, ililainika. Alipowasha mashine, sponji ilijing'oa, ikaruka juu ya ukuta ikaangukia kuku wa jirani. Jogoo yule hakuwahi kutuamini tena.

Na msiisokote kama mnakamua suruali. Nyota akimwona mtu anasokota sponji alikuwa anamnyang'anya bila kumwomba. Ukiisokota inachanika ndani, mahali usipoona, na siku inayofuata inakumegukia ukiwa katikati ya mlango. Ibane tu, kiganja juu ya kiganja. Ukitaka ikauke haraka, irudishe kwenye mashine, ingiza mashine ndani ya ndoo ndefu, washa taratibu, maji yatarukia kuta za ndoo. Nasema ndani ya ndoo. Anayetaka kujua kwa nini, ajaribu nje ya ndoo siku ya Jumapili, watu wanapotoka misa.

Baada ya hapo ilaze kivulini, uso wa kung'arishia chini, mgongo wenye gundi juu, maji yateremke mbali na gundi. Kivulini, si juani. Hili la kivuli ndilo lililotuletea hadithi ya Kalundu, nami siwezi kuipita.

Ilikuwa masika, na mvua haikutuachia hata asubuhi moja. Sponji zilikaa na maji mpaka zikaanza kunuka uvundo. Nyota alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba. Gari la bibi harusi lilikuwa linatungojea, jeusi, na gari jeusi halisamehi kitu. Patroni alikuwa na dada yake bandarini Kalundu, mwanikaji wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kule kuna upepo mzuri wa ziwa, na meza zake za wavu ziko juu ya mchanga. Jua likatokeza kidogo. Patroni akabeba sponji zote akazipanga juu ya wavu, mstari mmoja wa sponji na mstari mmoja wa ndagala, akarudi akijisifu.

Zilikauka vizuri sana. Nilipozipaka dawa na kuanza boneti, gari lilikubali kung'aa, ila juu yake kulibaki ukungu mwembamba usiotoka. Nikaongeza dawa, ukungu ukaongezeka. Patroni akasema ni unyevu wa hewa. Watu wa harusi wakaja, wakafunga maua, wakaondoka. Asubuhi ile jua lilikuwa limechomoza kwelikweli. Gari lilipopata joto, mafuta ya ndagala yaliyokuwa yamenywewa na sponji yakaamka. Mbele ya kanisa paka wa kwanza akapanda juu ya boneti akajilaza. Wapiga picha wakamfukuza. Akarudi na wenzake. Bibi harusi alipotoka kanisani, gari lake lilikuwa na paka wengi kuliko maua.

Nyota aliporudi tulimficha habari. Akanusa sponji moja tu.

"Kumbe mulikuwa mu soko?"

Akazilaza usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya mawese, asubuhi akazibana moja moja, akisema peke yake kwa Kifuliiru maneno ambayo nilikuwa nafurahi kuwa siyaelewi yote. Alizirudisha zote kazini. Gari tulilifanya upya, na bwana harusi, kwa kuwa alikuwa mcheshi, akasema ndoa iliyobarikiwa na paka itadumu. Baadaye kidogo na mimi nilimwendea Nyota nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni. Alikuwa ameinama juu ya beseni. Hakuinua kichwa. Alisema, "Ngoja nimalize hii," na hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Ile sponji nyekundu tuliendelea kuitumia. Kila nilipotaka kuitoa kazini alinitazama kwa jicho kali, nikairudisha. Povu ililotengenezwa nalo lilikuwa la aina nzuri ambayo haiji tena, lakini mimi na yeye tulijua kwamba sababu siyo povu.

Uwanja ule haupo. Ziwa lilipopanda lilichukua kwanza ukuta wa chini, kisha bomba, kisha mahali alipokuwa anaweka beseni. Patroni alikuwa ameshafariki, na nashukuru hakuona. Wakati mwingine nateremka mpaka maji yanapoanza, napatafuta pale mahali kwa macho. Kuna matete, na watoto wanaotupa ndoano. Nikisimama hapo nina hamu ya mambo madogo tu: kusikia maji yakibanwa kutoka kwenye sponji nyuma yangu, na sauti ya mtu anayenikosoa bila kugeuka. Nina hamu na mke wangu, nasema wazi. Nyumba ninailinda vizuri, lakini haina mtu wa kuniambia nimeikosea.

Kila mara mtandao unaporuhusu, ananipigia. Msidhani tunaongea kama watu wa sinema. Anaanza hivi:

"Papa Riziki, eponje iko namna gani?"

"Iko muzuri."

"Na ile nyekundu?"

"Iko muzuri nayo."

"Uliibana? Maji ilitoka safi?"

"Ilitoka safi, Mama Riziki."

Ndipo anauliza kama nimekula. Mimi nilielewa. Mwanamke anayeuliza habari za sponji zake ni mwanamke anayefikiria kurudi zilipo. Nguo zake alikwenda nazo, sufuria unanunua popote, lakini mfuko ule juu ya mlango ulikuwa ni kitu chake kilichobaki nyumbani kumngoja. Kwa hiyo niliziosha hata pasipo na gari. Majirani walikuwa wananiona nimeinama uani na beseni jeupe, wakapita njia yao kwa heshima ya umri wangu.

Halafu, juzijuzi, akanipigia na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Sikiliza, Papa Riziki. Bwana ya Riziki amepata fasi ya kuosha magari. Huku mafuta ya gari hakuna, magari inalala mu mustari siku mingi, benyewe bameketi tu ndani, hawana kazi. Sasa beko banamuita awapolishie gari wakiwa banangoja. Mashine iko nayo. Eponje njo hana. Unitumie zangu."

Nikasikia neno lile, zangu, nikautazama mfuko juu ya mlango.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi mbona unanyamaza?"

"Rezo," nikasema.

Haikuwa rezo, mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nimeelewa kwamba mtu anayeagiza vifaa vyake vya kazi amepata kazi mahali alipo. Amepata mjukuu wa kubeba, amepata mstari wa magari, na huku amebakiwa na nini? Mzee mmoja anayeshika kikombe kwa mikono miwili. Nilikasirika, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, niliukasirikia mlango wa jikoni. Mara mbili Mama Neema, jirani yangu anayevuka kupeleka biashara Bujumbura, alipita kuuliza kama nina mzigo wa kutuma. Mara mbili nikamwambia bado.

Kilichonigeuza ni sponji zenyewe. Asubuhi moja nilizishusha kuziosha kama kawaida, nikaibana ile ya manjano, ngumu, ile ya kuondolea mikwaruzo, na nilipofungua kiganja nikakuta chengachenga za manjano zimebaki mkononi. Povu likikaa bila kazi linazeeka tu, hata ulioshe namna gani. Nilikaa chini. Nilikuwa naziua kwa kuzitunza. Huko ng'ambo kulikuwa na kijana anayezihitaji ili kulisha binti yangu na mtoto wake, na mimi nazining'iniza juu ya mlango ili zinipe moyo.

Basi niliziosha zote kwa mara ya mwisho, jinsi nilivyofundishwa. Niliparuza sabuni ya mawese, nikaichuja. Niliziloweka mpaka dawa ya zamani iliyojificha ndani ikalegea, nikapitisha mswaki laini kwenye uso wa kila moja, kutoka katikati kwenda nje. Nikabana, nikamwaga, nikabana tena. Vidole havikusikia vizuri, kwa hiyo nilitumia viganja na uzito wa mwili. Ndimu nilikamulia suuza ya mwisho. Nilizilaza kivulini, migongo juu, nikakaa karibu nikifukuza nzi na kuku, na nikawa naongea naye kichwani mchana kutwa, jambo ambalo wazee wenzangu wanalijua.

Zilipokauka nilizirudisha kwenye mfuko wa chandarua. Ile nyekundu niliitia, nikaitoa. Nikaitia tena, nikaitoa. Mama Neema alikuwa amesimama langoni na mzigo wake, ananitazama.

"Papa Riziki, gari haitaningoja. Leta niweke humu." Akafungua kiroba chake. Kilikuwa cha ndagala kavu.

"Mama Neema, kila fasi, lakini haiko humo."

"Juu ya nini unakataa? Iko na fasi mingi."

Nikamsimulia paka wa harusi. Alicheka mpaka akashusha mzigo chini. Kisha akautia mfuko wangu ndani ya kanga safi, akaufunga peke yake na kuubeba begani, mbali na kiroba, na akaniapia kwamba utakaa hivyo mpaka Bujumbura. Nilipogeuka kuingia ndani, sponji nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.

Nyota alipiga jioni ileile. Nilisikia nyuma yake honi za magari na mtoto akilia, na sauti ya Riziki ikimbembeleza.

"Zilifika. Ulizioshaka muzuri, zote zinanukia ndimu. Ile ya manjano imeanza kumeguka, lakini itatumika kidogo." Nikajua anazigeuza moja moja. "Papa Riziki, moja inakosa. Ile nyekundu iko wapi?"

"Iko huku."

"Uliisahau?"

"Sikuisahau."

"Sasa kwa nini haukuituma na zingine?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mchana ule, yote yakanikimbia. Nikasema lililobaki.

"Ile, kuya huku uikamate weye mwenyewe."

Nilisubiri asingizie rezo, hakusingizia. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Nilisikia anavuta pumzi, na nilijua jinsi alivyosimama, mkono mmoja kiunoni, kichwa kimeinama kama wakati wa beseni.

"Papa Riziki."

"Niko."

"Hiyo nyekundu, leo uliiosha?"

"Niliiosha na zingine. Leo bado."

"Basi ioshe. Mutoto akipata nguvu kidogo ya safari, nitakuya naye akuone. Minye mwenyewe nitaibana mu beseni mbele yako. Maji isipotoka safi, tutagombana."

"Tutagombana," nikasema, na nilifurahi kulisema neno hilo kuliko mnavyoweza kufikiri.

Kwa hiyo, vijana, mkipita Kimanga mkamwona mzee ameinama juu ya beseni jeupe, anaosha sponji moja yenye doa, na hakuna gari lolote uani kwake, msimcheke na msimpe pole. Mpisheni tu njia akachote maji mengine, kwa maana mwenye sponji atakuja kuikagua, na hayo ya kwanza bado hayajatoka safi.